Bima ya wakimbizi Marekani: miezi 4 inatosha?

Mwana wa Fizi: Ndugu zangu, tulijadili hili bila matusi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inasema kuanzia Oktoba 1, 2026 mkimbizi asiye na grini kadi, yaani kibali cha kuishi nchini moja kwa moja, hapati Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Grini kadi nayo huruhusiwi kuiomba kabla hujatimiza mwaka nchini. Ule msaada wa matibabu wa wakimbizi wapya wasiopata Medicaid, uliokuwa miezi 12, tangu Mei 2025 ni miezi 4. Pigeni hesabu. Mama mwenye sukari, kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 12, atachoma insulini ya nani? Sheria moja inamdai kadi, nyingine inamwambia usiiombe bado.

Kijana wa Kasulu: Sikubaliani. Tumekuja kufanya kazi. Kiwanda cha nyama nilikoanzia kilinipa bima baada ya miezi 3. Wanaolia ni wanaosubiri ofisi iwafanyie kila kitu.

Mama Watano: Shikamoo hujanipa, lakini nakujibu. Wewe ulikuja peke yako na mgongo mzima. Baba watoto anapelekwa kazini na wakala wa ajira, leo kuna zamu, kesho hakuna. Bima anaisikia kwa wenzake. Mimi niliipata kazini, nikaambiwa dola 3,000 za mwanzo nilipe mwenyewe ndipo nayo ianze kulipa. Hiyo ni bima au pambo la pochi? Kule kambini Nyarugusu, Tanzania, tulipanga foleni tangu alfajiri, mara nyingi tukaambulia panadol, lakini bili hatukuletewa.

Mkalimani: Msitishane pia. Dharura hospitali haikufukuzi kwa kukosa hela, kuna sheria tangu 1986, ingawa bili itakufuata nyumbani. Vituo vya afya vya jamii hutoza kwa kuangalia kipato. Watoto na wajawazito, baadhi ya majimbo yataendelea kuwahudumia. Ila hata leo, Medicaid ikiwa bado ipo, watu wanaipoteza kwa barua: kurasa za Kiingereza za kuhuisha bima, zinatupwa pamoja na matangazo ya piza. Mtu anajua amekatwa akiwa dirishani pa dawa.

Kijana wa Kasulu: Kwenye barua nakubali. Yangu niliitupa. Shikamoo mama.

Mama Watano: Marahaba. Sasa nijibu la sukari.