Hiace 5L inachemsha ikishapita Kisesa, mjini haina shida

Msafiri wa Magu:
Wakuu, habari za kazi. Hiace ya zamani, injini 5L ya dizeli, inapiga abiria Mwanza–Magu. Mjini, hata kwenye foleni ya Mabatini, mshale wa joto unatulia katikati. Ikishapita Kisesa ikashika 80 na watu wamejaa, mshale unapanda taratibu hadi karibu na nyekundu. Nikishuka 50, unarudi. Kila jioni naongeza maji kama nusu lita. Chini hakuna tone, oili safi, moshi mweupe hakuna. Fundi alitoa themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto la maji, akaitupa, hali ikabaki ileile, sasa anataka kushusha silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Maji ninayotia ni ya ziwani. Nianzie wapi?

Dizeli Nyakato:
Hedi isiguswe kwanza. Gari yenye feni mbovu huchemkia foleni, ikipata upepo wa barabara inapoa. Yako ni kinyume: upepo upo, lakini injini ikipewa kazi nzito rejeta haiwezi kupoza maji yote yanayotakiwa. Hapo ni rejeta iliyoziba, au maji yasiyopita inavyopaswa.

Kutoa themostati kumekuongezea tatizo. Ile ya injini hizi ina sahani mbili. Maji yakipata moto, ya juu inafungua njia ya kwenda rejeta na ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku nzima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kuiona rejeta. Nunua mpya, nyingi zimepigwa chapa ya 82. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Ianze kufunguka karibu na nyuzi 82, na maji yakichemka iwe wazi kama milimita 8. Kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndipo hewa inapotokea.

Halafu ondoa shaka ya gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku ya injini. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au ukifunga mfuniko na mpira wa juu, ule unaoleta maji kwenye rejeta, ukawa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, presha ya silinda inaingia kwenye maji. Hapo fundi wako atakuwa na haki ya kushusha hedi. Mapovu machache ya mwanzo yakaisha, hiyo ni hewa tu.

Kirumba 4x4:
Naongeza la mfuniko, maana watu wanaudharau. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko ulioandikwa 0.9, yaani presha ya karibu bar 0.9, ukishika vizuri unayasogeza hadi karibu 116. Mpira wake ukikatika, maji yanachemka wakati injini iko kwenye joto lake la kawaida tu. Angalia pia valvu ndogo ya katikati, ivute kwa ukucha: irudi yenyewe. Ikikwama, maji yanayokwenda kwenye chupa ya akiba hayarudi, chupa inafurika, na nusu lita yako inaishia barabarani bila kuacha tone pale unapopaki. Chukua wenye namba ileile ya zamani. Usipandishe presha kwenye rejeta iliyochoka.

Fundi Rejeta Igoma:
Maji ya ziwani yana tope laini na ule ukijani. Vikiingia kwenye injini vinachanganyika na kutu, vinaganda kwenye mirija ya rejeta kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Gari ikitoka safari, zima, acha ipoe kidogo, kisha pitisha kiganja kwenye uso wa rejeta toka juu hadi chini. Ukikuta mabaka ya baridi katikati ya sehemu zenye moto, mirija ya hapo imeziba. Angalia pia mpira wa chini, ule unaorudisha maji kwenye injini, wakati msaidizi anapandisha mzunguko wa injini. Ukijibana bapa, pampu inavuta maji na rejeta haitoi, au springi ya ndani ya mpira imeoza.

Rejeta ya shaba inafunguliwa tangi la juu, mirija inapitishwa bapa jembamba mmoja mmoja, kisha inachomelewa tena. Ya alumini yenye matangi ya plastiki haivumilii hiyo kazi, badilisha. Usikubali kuzungushiwa magadi ya kusafishia masinki ndani ya injini, hedi ya 5L ni alumini, yataila.

Na nje usisahau. Wale wadudu wa ziwa wanaopaa kama moshi wananata kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, vumbi linawafunika, upepo haupiti. Osha kwa maji yasiyo na nguvu sana, toka upande wa injini kuelekea nje. Ukipiga toka mbele unawashindilia ndani zaidi.

Msafiri wa Magu:
Asanteni sana. Mapovu hayapo, mpira wa juu hauwi mgumu. Mpira wa chini unabonyea injini ikilia. Rejeta ni ya shaba, mabaka ya baridi yapo upande wa kulia karibu theluthi nzima. Valvu ya mfuniko imekwama.

Dizeli Nyakato:
Basi zibua rejeta, weka mfuniko mpya, themostati mpya na gasketi yake, na mpira wa chini wenye springi. Kabla ya kuifunga rejeta, suuza injini kwa maji safi ya bomba mpaka yatoke meupe.

Kujaza: nusu kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nusu maji ya betri yale ya kawaida, si asidi. Huku hakuna baridi ya kugandisha, kulanti ni kwa ajili ya kutu. Pima kilichotoka. Kama zilitoka lita 9 na zinaingia 6, hewa imebaki ndani. Inua pua ya gari kwenye mwinuko, fungulia hita hadi mwisho, acha injini ingurume taratibu mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri maji yanavyoshuka mpaka mpira wa juu upate moto wa ghafla, maana themostati imefunguka. Funga. Kesho yake ikiwa baridi, kagua tena.

Mshale ukipanda njiani, punguza mwendo, zima AC, fungua hita. Ukisimama usifungue mfuniko na usimwagie injini maji baridi, hedi hizi hupasuka kati ya valvu.

Msafiri wa Magu:
Rejeta inashuka kesho asubuhi. Fundi Rejeta, tangi likifunguliwa, nijuaje mirija yote imezibuka?

Fundi Rejeta Igoma:
Ziba mdomo wa chini kwa kiganja, jaza maji, achia. Yatoke kwa kishindo, mdomo mzima. Yakichuruzika kama kibirika, mwambie arudie.