Nataka kuanza grafiki dizaini kutoka sifuri: ninunue kompyuta ipi kwanza?

Mgeni_Kazini:
Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri, nimekwama na usingizi siupati. Nataka kuingia kwenye grafiki dizaini na sijui chochote. Nimekuwa nikichezea programu za simu tu, zile za kuweka maandishi juu ya picha. Sasa nina hela kidogo, nataka ninunue laptopu. Iwe na sifa zipi, na nianze na Photoshop, Illustrator au CorelDRAW? Kama inawezekana nipate majibu leo. Natanguliza shukrani.

Fundi_Herufi:
Karibu mkuu. Hizo tatu hazifanyi kazi moja. Photoshop inahariri picha za pikseli, vile vidoti vidogo vya rangi. Illustrator na CorelDRAW ni za vekta: umbo linatunzwa kama hesabu ya mistari na mikunjo, kwa hiyo hata ulikuze lienee ukuta mzima kingo zake zinabaki safi. Nembo ichore kwa vekta, picha isafishie kwenye Photoshop.

Ila usitoe hela bado. Zipo programu za bure na halali kabisa: Inkscape kwa vekta, GIMP kwa picha, Krita kwa kuchora, Scribus kwa kupanga kurasa. Inkscape ipo tangu 2003 na kwa kazi ndogo ndogo inakwenda hata kwenye mashine ya zamani yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4. Azima kompyuta ya mtu, jifunze, baadaye utajua mwenyewe unahitaji nini. Na hiyo "leo" ni ya nini?

Brashi_Kavu:
Mmenikumbusha mbali sana. Sisi tulianza na brashi na rangi ya mafuta. Mstari tulipiga kwa uzi uliopakwa chaki: mnaukaza huku na huku, unauvuta kidogo, unauachia, ukuta unabaki na mstari ulionyooka. Na herufi O ukiichora ilingane kabisa na H, jicho litaiona ndogo. Lazima uitokeze kidogo juu na chini ndipo zionekane sawa. Bosi wangu akikuta O imenywea ananifutisha neno zima. Namshukuru mpaka leo. Hayo laptopu haikufundishi, kijana.

Mzee_wa_Nasaha:
Tatizo la vijana wa sasa ni pupa. Mtu hajajua kushika penseli anauliza kompyuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tulia, soma, omba Mungu.

Dada_Rula:
Brashi_Kavu amesema jambo zito, msilipite. Jicho ndilo linalofunzwa kwanza. Mleta mada, chukua tangazo lolote lililo karibu nawe, liweke karatasi ya kupenyeza mwanga juu, uchore mistari ya pambizo: maneno yameanzia wapi, yameishia wapi, nafasi kati ya kichwa cha habari na maelezo ni kiasi gani. Fanya hivyo kwa matangazo mengi, utaona kwamba mazuri yana pambizo chache zinazojirudia na fonti moja au mbili tu. Lakini Fundi amekuuliza swali, hujajibu.

Mgeni_Kazini:
Hakuna kitu dada, nimechoka tu kukaa bure.

Dada_Rula:
Aliyechoka kukaa hasemi "leo". Mficha uchi hazai. Sema usaidiwe.

Mgeni_Kazini:
Sawa. Kuna mama anafungua kituo cha kulelea watoto, aliona kadi ya harusi niliyotengeneza kwenye simu akaipenda. Anataka nembo, bango la mita 3 kwa 1, na vipeperushi vya A5. Nimekubali na amenipa nusu ya malipo. Hiyo ndiyo hela ya laptopu. Msinielewe vibaya, mama mwenyewe alisema "nenda kajipange", na mimi kujipanga ndiyo kununua kifaa. Fundi seremala naye si hununua msumeno kwa advansi?

Fundi_Herufi:
Seremala hununua mbao kwa advansi, msumeno anakuja nao. Mama anajua kwamba huna kompyuta?

Mgeni_Kazini:
Hajauliza.

Mzee_wa_Nasaha:
Nilisema mimi. Pupa.

Mchapa_Usiku:
Mzee mwache kijana, wote tulianzia hapo. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kalenda, mwezi Februari ukatoka na siku 30 na watu wakaitundika hivyo hivyo mwaka mzima 😂 Mkuu, kazi umefikia wapi?

Mgeni_Kazini:
Bango na kipeperushi nimeshatengeneza kwenye simu, mama amevipenda. Shida imeanza kwa mchapaji. Ujumbe wake ni huu, naunakili kama ulivyo: "Faili zote zina upana wa pikseli 640, hazitoshi. Nembo tuletee vekta. Kipeperushi kiwe PDF ya CMYK, acha milimita 3 za kukatia kila upande." Sijaelewa hata nusu, ndiyo maana nimekuja huku.

Dada_Rula:
Haya, hapo sasa tunasaidiana. Piga hesabu nami. Bango la mita 3 ni milimita 3,000. Gawanya kwa 640, kila pikseli inakuwa kigae cha karibu milimita 5, pungufu kidogo tu ya unene wa penseli. Herufi zitaonekana zimejengwa kwa vigae. Kipeperushi nacho, uchapaji mzuri unahitaji kama pikseli 300 kwa inchi, hivyo 640 zinakutosha sentimita 5.4 tu, wakati A5 ina upana wa sentimita 14.8. Ukikuza picha hiyo hiyo inazidi kuvimba, vidoti vipya vya kweli hupati.

Zile milimita 3 ni za kisu. A5 ni milimita 148 kwa 210, wewe tayarisha 154 kwa 216, rangi ya nyuma ifike mpaka ukingo wa nje. Kisu kikiyumba kidogo hakiachi ufito mweupe. Maandishi yaweke ndani, mbali na mstari wa kukatia. Nembo sasa, uliichora mwenyewe?

Mgeni_Kazini:
Nilianzia kwenye ya mtu niliyoiona mtandaoni. Lakini nimebadilisha rangi kutoka bluu kwenda kijani na jani nimeligeuza upande wa pili. Hata wakubwa wanaigana.

Fundi_Herufi:
Hapana mkuu. Kugeuza jani hakufanyi kazi ya mtu iwe yako, na anayeweza kushtakiwa pia ni huyo mama mwenye kituo, maana ndiye ataitundika ukutani. Hata templeti za bure, nyingi masharti yake yanakataza kuzitumia kama alama ya biashara. Hili si la kubembelezana.

Mkaguzi_Mkuu:
Wakuu, hii chai. Asubuhi mtu hajui tofauti ya Photoshop na Illustrator, jioni analeta CMYK, milimita za kukatia, mteja, mchapaji, kila kitu kimepangika. Kesho ataibuka mwenzake na namba ya simu ya "kozi ya grafiki ya wiki mbili". Nimeona nyuzi za hivi nyingi. Mnapoteza muda.

Mchapa_Usiku:
Hata mimi nimeanza kuwaza. Kituo cha watoto, mama mwema, nusu ya malipo... kama igizo la redio.

Brashi_Kavu:
Mbona mimi niliwahi kupewa kazi ya ukuta mzima sijawahi kuchora hata kibao? Inatokea.

Mgeni_Kazini:
Mkaguzi, hayo maneno ni ya mchapaji, nimesema nimeyanakili. Sina kozi, sina namba ya kumpa mtu. Mngekuwa mnaniona hapa nilipo msingesema hivyo.

Mkaguzi_Mkuu:
Basi eleza nembo ikoje. Aliyeitengeneza kweli anaikumbuka.

Mgeni_Kazini:
Kiganja kimefunguka kuelekea juu, katikati jani lenye mishipa mitano, chini jina la kituo kwa herufi za mwandiko zilizounganishwa. Nikiipunguza iwe picha ya wasifu, mishipa inapotea na jina halisomeki. Nilidhani ni simu yangu.

Mkaguzi_Mkuu:
Hiyo ya mishipa kupotea mtunga chai asingeifikiria. Naondoa shaka, endeleeni.

Fundi_Herufi:
Na ni dalili kwamba hata hiyo uliyoiga haikufai. Anza upya kwenye karatasi. Achana na kiganja na jani, muulize mama watoto wake watafanya nini pale siku nzima, uchore hicho. Chora vidogo vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba, kwa kalamu nyeusi tupu. Kikisomeka hivyo, kitasomeka popote.

Kisha kipige picha, kiingize Inkscape kwenye leya (tabaka) ya chini, ufuate kingo kwa zana ya mkunjo. Nodi, yaani vile vituo vinavyoshikilia mkunjo, weka chache: juu, chini, kushoto, kulia. Ukiweka nodi ishirini kwenye duara moja litakuwa na makunyanzi. Fonti chagua yenye leseni huria, Google Fonts zimejaa, na jina lisiwe la mwandiko. Ukimaliza, geuza maandishi kuwa njia, yaani maumbo ya vekta, ili kwa mchapaji yasibadilike, lakini tunza nakala ambayo bado inaandikika.

Dada_Rula:
Na kijani. Kile kikali kinachong'aa kwenye skrini ni mwanga wa RGB (nyekundu, kijani, bluu), wino wa CMYK (samawati, majenta, njano, nyeusi) wa mchapaji haukifikii, kitatoka kimefifia. Kipeperushi kipange Scribus, inatoa PDF ya CMYK. Omba karatasi moja ya majaribio kabla hawajachapa zote.

Mgeni_Kazini:
Nimeelewa, na asanteni. Kesho nampigia mama nimwambie nembo nairudia upya na bango litachelewa. Ila laptopu siwezi kuiacha, nimeshamwachia muuzaji sehemu ya hela na hairudi. Ni ya RAM GB 8. Najua mtasema.

Fundi_Herufi:
Tunasema: mwambie mama na hilo pia, kwenye simu hiyo hiyo.

Mgeni_Kazini:
Nitaangalia atakavyopokea la nembo kwanza.

Mchapa_Usiku:
Dada Rula, nami nidandie. Herufi za maelezo ya kipeperushi niziweke ukubwa wa pointi ngapi?

Dada_Rula:
Pointi 9 hadi 11 kwa fonti nyingi, na nafasi ya mistari iwe karibu mara 1.3 ya hapo. Chapa ukurasa mmoja, umpe mtu mzima asome bila miwani.