MREJESHO: Mboga mbadala wa kabichi kwa mtu anayejaa gesi

Habari wadau. Niliomba msaada wa mboga ya kuchukua nafasi ya kabichi, maana mama anaipenda ila akila tumbo linajaa gesi usiku kucha. Asanteni sana kwa wote mliojibu.

Brokoli na koliflawa, zilizopendekezwa na wengi, hazikusaidia. Mdau mmoja alieleza sababu, naye alikuwa sahihi: zote ni spishi moja na kabichi, Brassica oleracea, na zina sukari ile ile, rafinozi, ambayo hatuna kimeng'enya cha kuivunja. Inafika utumbo mpana nzima na bakteria wanaichachusha.

Kilichofanya kazi kwenye kukaanga ni karoti na zukini (aina ya boga changa lenye umbo la tango) zilizokatwa nyembamba kama njiti. Zukini inatoa maji mengi, kwa hiyo naipaka chumvi, naiacha kama robo saa, naikamua, ndipo naitia kwenye moto mkali. Chumvi nyingine siongezi. Mama anakula na analala vizuri, na kwangu hilo ndilo kubwa!

Kwenye supu naweka spinachi mwishoni kabisa, dakika mbili tu inatosha.

Kuviringisha nyama ndani ya majani, kama tulivyofanya kwa kabichi, ndiko bado hakujakaa sawa. Majani ya saladi yalichanika kila yalipoiva. Majani makubwa ya spinachi, yakichovywa kidogo kwenye maji ya moto, yanavumilia zaidi, ila ni laini mno. Mwenye jani gumu zaidi lisilo la ukoo wa kabichi aniambie, nitalijaribu.