Baba wa babu yangu, shamba la Mambrui: nasaba yake naitafutia wapi?

MjukuuWaMambrui
Assalaam alaykum wakuu, na wengine hamjambo. Nimekwama, naombeni msaada. Baba wa babu yangu aliitwa Feruzi, alikuwa na shamba la minazi karibu na Mambrui, kaskazini ya Malindi, akafariki kabla ya Vita vya Pili. Nataka kujua ukoo wake. Nasikia magazeti ya serikali ya zamani yana majina ya watu wa pwani. Yanapatikana wapi, na mtu anayapekua vipi? Nina haraka, nahitaji jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

FundiGazeti
Wa alaykum salaam. Gazeti Rasmi lilianza Mombasa mwaka 1899, na matoleo mengi yamo Google Books, unayasoma bure ukurasa kwa ukurasa. Wewe anzia 1908. Mwaka huo ilipita Sheria ya Hatimiliki za Ardhi: kila mwenye shamba pwani alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Kwa hiyo ukipekua, shikilia matangazo ya sheria hiyo yanayotaja Malindi.

Tatizo kubwa ni tahajia. Karani Mzungu aliandika alivyosikia: Feruz, Firuz, Ferouz, Feruzi. Tafuta kila moja peke yake. Halafu mashine inayosoma picha za kurasa nayo inakosea, "bin" inaisoma "hin" au "bm", na jina lililokatwa mwishoni mwa mstari hailioni kabisa. Ukikosa kwa kutafuta, usiseme hamna. Fungua toleo lenyewe upitie kwa macho matangazo ya ardhi na ya mahakama. Kwa mirathi, andika jina pamoja na neno "deceased", maana gazeti lenyewe ni la Kiingereza.

WaPangani
Watu husahau magazeti ya Kiswahili yenyewe. Kiongozi lilichapwa shuleni Tanga tangu enzi ya Mjerumani, na walimu na makarani wa bara na pwani waliliandikia barua na kuweka majina yao. Hazina kubwa sana ile kwa anayetafuta wazee wake.

FundiGazeti
Kweli, ila Mambrui ilikuwa upande wa Mwingereza. Tusimpeleke mwenzetu Tanga bure.

BintiRabai
Mjukuu, umetaja jina moja tu. Feruzi bin nani? Feruzi ni jiwe, kama Almasi. Majina ya namna hiyo, na Baraka, Mabruki, Songoro, Majaliwa, walipewa sana mateka waliofanywa watumwa. Si lazima iwe hivyo kwako, lakini ikiwa ndivyo, njia ya kutafuta inabadilika. Tarehe 1 Januari 1889 Kampuni ya Waingereza chini ya Mackenzie iliwapa hati za uhuru watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni, wengi wao Rabai. Waliobatizwa walipata jina jipya, kwa hiyo anayeitafuta "Feruzi" kwenye daftari la kanisa anaweza kupitwa na babu yake akiwa ameandikwa Petro.

MjukuuWaMambrui
Shukrani. Sisi ni Waislamu tangu zamani, hakuna mbatizwa kwetu. Ni Feruzi bin Sefu, ndivyo cheti kinavyosema.

BintiRabai
Cheti gani tena? Mwanzo ulisema umekwama.

MjukuuWaMambrui
Sawa, niseme. Lile shamba lina kesi. Wajukuu wa Sefu wanadai Feruzi alikuwa mtumwa wa Sefu aliyeachwa huru, akapewa sehemu ya kulima tu. Kuna mtu amenipatia nakala ya cheti kinachosema Feruzi ni mwana wa Sefu. Bei ni 40,000, nimeshalipa nusu. Ni mtu wa dini, anaheshimika, sioni sababu ya kumshuku. Ninachotaka ni gazeti la kukiunga mkono cheti.

UstadhKisauni
Mwanangu, Qur'ani katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha tuwaite watu kwa baba zao. Kujibandika kwenye nasaba isiyo yako ni jambo zito, hata kama shamba ni la haki. Na kuachwa huru si aibu ya kufichwa.

Pia elewa kwamba "bin Sefu" peke yake haithibitishi lolote. Aliyeachwa huru mara nyingi alijulikana kwa jina la bwana wake, na kwa sheria ya dini bwana huyo alibaki na haki ya walaa: aliyeachwa huru akifa bila mrithi wa damu, bwana humrithi. Kwa hiyo tafuta hati za kadhi za mirathi. Humo ndimo huandikwa wazi nani mwana na nani aliyeachwa huru. Ziko kwa hati za Kiarabu na tarehe ya Hijria. Kupata mwaka wa Miladia kwa kukadiria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mfano 1329 inaangukia 1911.

FundiGazeti
Mjukuu, tuandikie neno kwa neno kilichoko juu ya hicho cheti, na tarehe, na thamani.

MjukuuWaMambrui
Juu kabisa "Koloni la Kenya" kwa Kiingereza. Tarehe 14 Machi 1911. Ekari 6, minazi 200, thamani shilingi 600. Chini kuna muhuri wa duara, hausomeki vizuri.

Kumbukumbu77
Wakuu, uzi huu umetungwa. 1911 hapakuwa na Koloni la Kenya. Nchi iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki hadi 1920. Na hata baada ya 1920, Mambrui iko kwenye ukanda wa Sultani wa Zanzibar, ambao ulibaki himaya, haukuwa koloni. Pesa nayo ilikuwa rupia, 15 kwa pauni moja. Shilingi ya Afrika Mashariki imekuja 1921. Mtu anatupima hapa.

BintiRabai
Au kilichotungwa ni cheti, si uzi. Mtu anayetudanganya asingetuandikia kosa lililo wazi hivi.

MjukuuWaMambrui
Wallahi sijatunga. Labda karani alikosea, au ilinakiliwa baadaye?

FundiGazeti
Nakala ya baadaye hubeba tarehe ya kunakiliwa, na thamani haigeuzwi kutoka rupia. Usilipe nusu iliyobaki, na usikipeleke mahakamani. Nenda ofisi ya ardhi Mombasa ukaombe upekuzi wa kiwanja kwa namba yake. Cheti cha kweli cha sheria ile kina namba, na namba ina ukurasa wake kwenye daftari. Kisha Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, uombe majalada ya Mkoa wa Pwani. Utumwa ulipofutwa kisheria 1907, mabwana walidai fidia serikalini. Jina la Sefu likiwamo kwenye madai hayo, utajua alidai fidia ya watumwa gani. Na kabla ya nauli ya Nairobi, waulize wazee wenu: Feruzi aliitwa nani nyumbani?

MjukuuWaMambrui
Nimempigia shangazi. Amenyamaza kwanza, kisha akasema Feruzi ni jina la shambani. Mamake alikuwa akimwita Mabruki.

FundiGazeti
Basi anza upya toka 1908. Mabruki, Mabruk, Mabrouk, Mbaruku, Mbaruk, Mubarak. Kila moja peke yake, na kila moja na Malindi.