Mrejesho: koti la zimamoto linalonipwaya

Mimi ni mwanamke wa zimamoto, na niliwauliza nifanyeje na koti na suruali za zimamoto zilizokatwa kwa vipimo vya wanaume. Asanteni sana mlionikataza kuzipeleka kwa fundi Kariakoo. Koti lina matabaka matatu: kitambaa cha nje, kizuizi cha maji na bitana ya kuzuia joto. Sindano ikitoboa la kati, maji yanapenya, na uzi wa polista huyeyuka motoni. Kubana sana nako hakufai, maana hewa iliyo katikati ndiyo kinga. Mkuu wa zamu amenipatia saizi ndogo, suruali sasa inashikwa na mikanda ya mabegani. Glovu bado kubwa, na hili linaniuma: bomba lenye presha linateleza mkononi. Nimeshaandika barua, manunuzi yajayo watupime wanawake nyonga, kifua na viganja.