Sakafu inanuka klorini, mkaguzi bado kaikataa. Tunakosea wapi?

Msimamizi_Kituo:
Habari wakuu. Kituo chetu ni kidogo: chumba cha sindano, cha vidonda, cha kujifungulia, na vitanda 8. Mkaguzi kaandika mambo manne. Sakafu inanata, troli za chuma zina kutu, vifurushi vya vifaa vinatoka kwenye otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) vimelowa, na fomu za usafi "hazifanani na hali halisi". Klorini ni ya maji, 3.5%. Inapimwa kwa kizibo, inachanganywa na sabuni kwenye ndoo hiyohiyo, kisha wanadeki. Anarudi baada ya wiki 3. Tuanzie wapi?

Dekio_Kavu:
Anzia kwenye hiyo ndoo moja. Klorini haichagui, inapambana na chochote inachokikuta: damu, matapishi, hata tope la viatu. Uchafu ukiwa mwingi, nguvu yake inaishia hapo kabla haijavifikia vijidudu. Ndiyo maana harufu ipo na kazi haijafanyika. Na huo unato ni sabuni isiyosuuzwa.

Weka ndoo tatu: sabuni, maji ya kusuuzia, klorini. Dekio lichovywe kwenye sabuni, lisugue, lisuuzwe ndoo ya pili, likamuliwe, ndipo lirudi kwenye sabuni. Chumba kikiisha, pitisha maji safi, halafu klorini kwa dekio jingine. Anza mbali na mlango ukirudi nyuma, kutoka pasafi kwenda pachafu, choo kiwe cha mwisho. Maji yakibadilika rangi, mwaga. Ukihama chumba cha vidonda au cha kujifungulia, mwaga hata kama yanaonekana safi. Ufagio mkavu utoeni kabisa wodini, vumbi linaloruka linatua kwenye trei za vidonda.

Kipimo_Lita:
Kizibo si kipimo, mkuu. Chukua asilimia iliyo kwenye lebo, gawa kwa asilimia unayoitaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya klorini. Yako: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, zinabaki 6. Basi lita 1 ya klorini kwa lita 6 za maji inakupa 0.5%. Ukitaka 0.1% ni sehemu 34 za maji. Kwa ndoo ya lita 10 ya hiyo 0.1%, mimina klorini mililita 290 hivi, kisha jaza maji hadi mstari wa lita 10. Siku mkiletewa ya 5%, hesabu inabadilika: 0.5% itakuwa 1 kwa 9. Vituo vingi vinakosea hapo, chupa imebadilika lakini karatasi ya ukutani ni ya zamani.

Ya unga ya 70% ni gramu 7 kwa lita kupata 0.5%. Tumia maji baridi, chombo kisichopitisha mwanga, mfuniko, na uandike saa ya kuchanganya. Kesho yake mwaga, tengeneza upya. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Gesi inayotoka inaumiza mapafu.

0.5% iwe ya damu na majimaji ya mwili: vaa glovu nzito, vipande vya chupa okota kwa koleo, nyonya damu kwa tambara la kutupa, osha kwa sabuni, ndipo mimina klorini ikae dakika 10. Ofisi na korido, sabuni na maji vinatosha.

Mpulizaji:
Kwa nini msinunue pampu, mkapuliza dawa chumba kizima jioni? Inaokoa muda.

Kipimo_Lita:
@Mpulizaji, hapana. Matone hayafiki kila mahali, hayasugui uchafu, na mpulizaji anavuta klorini. Ni tambara na mkono tu.

Steri_Tupu:
Kutu kwenye troli ni klorini inayoachwa ikaukie juu ya chuma. Dakika 10 zikiisha, futa kwa maji safi na ukaushe. Sehemu ndogo zisizo na damu, tumia spiriti ya 70%.

Kama mnaloweka mikasi na koleo kwenye klorini kabla ya kuviosha, acheni. Mwongozo wa WHO wa 2016 hauupendekezi utaratibu huo. Vifunikeni na tambara lenye maji visikaukiwe na damu, fungueni bawaba, mkasugue kwa brashi chini ya maji ili yasiwarukie.

Vifurushi kulowa: aidha mmeshindilia, au mlango unafunguliwa haraka. Visimamishwe kwa ubavu, mvuke upate njia. Ni 121°C, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa, na saa inaanza joto likishafika, si mkiwasha jiko. Presha ikishuka hadi sifuri, achia mlango kidogo, vikauke ndani. Kilicholowa hesabu si salama, kitambaa kibichi kinavuta vijidudu hadi ndani. Utepe unaobandikwa kwenye kifurushi ukibadilika rangi, unasema tu kwamba umepita kwenye joto.

Dekio_Kavu:
Fomu sasa. Zikisainiwa asubuhi kwa siku nzima, mkaguzi anaona wino ni mmoja. Kila kazi iwe na saa yake, na ya klorini iandikwe asilimia. Halafu kagua kwa macho yako panaposahaulika: kingo za vitanda, swichi, vitasa, stendi za dripu, mkanda wa kupimia presha.

Msimamizi_Kituo:
Nimewaelewa. Lakini madekio yapo mawili tu, na usiku yanalala ndani ya ndoo.

Dekio_Kavu:
Basi hapo ndipo pa kuanzia kesho, maana ndoo yenye dekio bichi inafuga vijidudu usiku kucha. Choo kiwe na dekio lake lenye alama, na chumba cha kujifungulia lake. Kila jioni yaoshwe kwa sabuni na maji ya moto, yaning'inizwe kichwa juu hadi yakauke. Ndoo nazo zipinduliwe.