Kwa nini New South Wales imeziweka sanaa, utalii, baa na michezo chini ya idara moja?

Swali
Ndugu wadau, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, tangu Julai 1, 2024 kuna idara moja inayosimamia sanaa, utalii, ukarimu (yaani biashara za baa, hoteli na migahawa) na michezo, kiasi kwamba jumba la opera la Sydney, makumbusho, viwanja vya mpira na leseni za vileo vyote viko chini yake. Hapa Tanzania utalii unakaa na maliasili, maana wageni wetu wengi wanafuata Serengeti na Kilimanjaro. Je, msanii wa kule ananufaika na mpango huo, au ni kibao cha mlangoni tu kilichobadilishwa?

Jibu la 1
Ndugu yangu, ananufaika, na faida yenyewe iko kwenye leseni. Mwaka 2014, baada ya vijana wawili kufariki kwa kupigwa ngumi Kings Cross, mtaa wa starehe za usiku jijini Sydney, serikali ya jimbo ilipiga marufuku mteja mpya kuingia baa na kumbi za katikati ya Sydney baada ya saa 7:30 usiku, na vinywaji vikakoma kuuzwa saa 9:00. Nia ilikuwa kuokoa maisha, nami naiheshimu, lakini wanamuziki walipoteza majukwaa, na masharti hayo hayakuondolewa hadi 2020 katikati ya jiji na 2021 kule Kings Cross.

Sasa anayetetea muziki na anayetoa leseni wako chini ya paa moja. Chukua suala la kelele: jirani anayelalamikia ukumbi wenye leseni hupeleka shauri kwa msimamizi wa vileo wa jimbo, naye huangalia ni nani aliyetangulia kuwapo pale, ukumbi au mlalamikaji. Aliyehamia jana kando ya ukumbi wa miaka mingi hawezi tena kuuzima kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kumbi zilizotambuliwa kuwa za muziki hupewa saa mbili za ziada na punguzo la asilimia 80 kwenye ada ya leseni.

Jibu la 2
Nakubaliana nawe kuhusu muziki, ila tusisahau kwamba New South Wales ina mashine nyingi za kamari kuliko jimbo lolote la Australia, nyingi zikiwa ndani ya baa na klabu hizohizo. Idara yenye jukumu la kuvuta wageni na kuchangamsha usiku inapokuwa pia msimamizi wa pombe na kamari, ni haki ya wananchi kuuliza nani atasema hapana.

Jibu la 1
Hoja yako ni nzito. Ndiyo maana maombi yenye utata ya leseni na ya mashine hizo huamuliwa na mamlaka huru ya vileo na kamari, ingawa watumishi wa idara ndio wanaoyaandaa mafaili. Mimi ningependa mamlaka hiyo iwe na watumishi wake yenyewe.